Stelingi hafi, sasa wanaangalia nini?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kisauni. Ameandika hivi:

"Assalaam aleikum mwalimu. Mume wangu ana miaka 46. Kila Idi, wakishakula pilau, yeye na ndugu zake wawili na jirani yetu hujifungia sebuleni wakaweka ile picha ya Van Damme ya mashindano ya siri kule Hong Kong. Wameiona mara arubaini, wallahi sitii chumvi. Wanajua nani atapigwa na atapigwa vipi, na maneno wanayatamka kabla hayajatamkwa. Nikiuliza raha iko wapi wananicheka. Wewe umefundisha karate na unaandika mambo ya sinema. Hebu niambie, mtu anapata nini kwenye picha ambayo mwisho wake aliujua kabla hajanioa?"

Waaleikum salaam, dada. Nitakujibu kwa ukweli, ingawa ukweli wenyewe unanitia haya: picha hiyo mimi nimeiona mara nyingi kuliko mumeo, tena nililipwa kuiona.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa kijana wa kurudisha kaseti nyuma katika kibanda kimoja cha video Majengo, Mombasa. Kuta za mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya kabati ili hata wa nyuma aone, deki imefunikwa kitambaa isiingie vumbi, na feni iliyokuwa ikizungusha joto tu. Watoto shilingi mbili, wakubwa tano. Mtu anaingia na mihogo yake ya kukaanga, pilipili na ndimu, anakaa, na kuanzia hapo hakuna anayesikia neno. Kiingereza cha picha kilimezwa na kelele za ndani na za barabarani, na hata kingesikika, ni wangapi pale waliokuwa wakikifuata? Siku za DJ Afro na wenzake, wa kutusimulia picha kwa Kiswahili, zilikuwa bado. Kwa hiyo picha yoyote iliyotegemea maneno ilifia pale pale. Siku moja tuliweka picha ya mapenzi ya kizungu kwa bahati mbaya, maana kaseti ilikuwa imebandikwa jina silo. Dakika kumi hazikufika watu wakadai pesa zao.

Picha za mashindano hazikuwa na shida hiyo hata kidogo. Na kwa kuwa kufikia mara ya kumi nilikuwa nimechoka kuitazama televisheni, nikaanza kuwatazama watazamaji. Nikagundua kitu ambacho sijawahi kukisoma popote. Kelele kubwa kabisa ya kibanda haikutoka pale teke lilipompata mtu. Ilitoka kabla. Ilitoka pale adui mkuu alipomvunja mtu mguu, halafu kamera ikamgeukia stelingi. Amekaa benchini, mikono juu ya magoti, anaangalia. Hasemi kitu, hata kope hapigi. Hapo kibanda kizima kilimsemea. "Umemuona? Umemuona lakini?" "Jihadhari na mguu wa kushoto, yakhe!" Mtu mzima, mbeba magunia wa bandarini, mabega kama mlango, anasimama kumuonya Van Damme, Mbelgiji aliyemo ndani ya televisheni.

Raha, dada, iko kwenye benchi lile. Teke ni risiti tu.

Ngoja nieleze kwa hesabu, maana kuna hesabu ndani yake. Chukua mtoano wa watu 16. Kila pigano humtoa mtu mmoja, na ili abaki bingwa ni lazima watolewe 15. Kwa hiyo mapigano ni 15, hayapungui wala hayazidi. Katika hayo stelingi anapigana manne tu. Yale 11 mengine yana kazi gani? Mwandishi mvivu atayaruka. Mwandishi anayejua kazi yake atayatumia kumsomesha mtazamaji. Huyu ni mzito, akikushika huponi, lakini akichoka mkono wa kulia unashuka. Yule mwembamba ana miguu mirefu, usimkaribie wala usimkalie mbali. Yule wa tatu ana hasira, mchokoze tu atajimaliza mwenyewe. Hakuna aliyeyasema haya kwa mdomo. Umeyaona mwenyewe, kwa macho, pigano baada ya pigano, na ifikapo nusu fainali unajua mambo ambayo stelingi mwenyewe huenda hakuyaona. Umeshakuwa kocha. Ndiyo maana mumeo na nduguze hawakai pale kimya kama watu wanaohadithiwa kisa. Wako kazini.

Linganisha na picha za kawaida za bunduki. Stelingi anaingia msituni anaua watu sitini. Ni akina nani hao? Hatujui. Wanaanguka kama maembe. Katika mashindano hapana: kila anayeingia ulingoni ana uso, ana suruali yake, ana namna yake ya kuinamisha kichwa, na jina lake huitwa kwa sauti. Hata yule atakayepigwa kwa sekunde tano anaitwa kwa jina kwanza. Nadhani watu wanaoishi katika mji ambao unaweza kupanga foleni ofisini asubuhi nzima bila kuitwa wanaielewa raha ya jambo hilo upesi sana.

Kuna na hila nyingine, nzuri zaidi. Ratiba ni lazima imuweke adui mkuu upande wa pili. Hawawezi kukutana hadi fainali. Hivyo kwa saa nzima wanatazamana tu, kama mahasimu wawili walioalikwa harusi moja, kila mmoja ameketi upande wake wa ukumbi, na kila mtu ukumbini anajua. Picha nyingine hulazimika kutafuta visingizio vya kuwatenganisha: huyu katoroka, yule katekwa, gari limeharibika. Mtoano hauhitaji kisingizio. Zamu yao haijafika, basi.

Sasa tuje kwenye picha yenu yenyewe. Inaitwa Bloodsport, ya mwaka 1988, ingawa sisi pale Majengo tuliita Kumite, kwa jina la yale mashindano ya ndani yake, na hakuna aliyejua jina lingine. Anayecheza adui, Chong Li, ni Bolo Yeung. Mtazame Bolo kwa makini Idi ijayo. Katika picha nzima haongei maneno ya kujaza ukurasa mmoja. Ana kifua, ana macho, na ana namna ya kutikisa misuli ya kifua ambayo watoto wa Majengo wote walijaribu kuiga wakashindwa kwa kuwa hawakuwa na kifua. Huyu ndiye yule yule aliyekuwa mlinzi wa tajiri wa kisiwa katika Enter the Dragon ya Bruce Lee mwaka 1973, na jina la Bolo lilimganda tangu hapo. Miaka 15 baadaye bado anaajiriwa kwa kazi ile ile: kumtisha mtu bila kufungua mdomo. Kwa hiyo wazee waliowahi kumuona kwenye majumba ya sinema ya mjini, enzi za Regal na Naaz, walipomuona tena kwenye kaseti hawakuhitaji kuelezwa. Mtu yule walimjua, na uovu wake waliujua nao.

Kwa ajili ya haki niseme kwamba Enter the Dragon, ambayo watu huitaja kama mama wa picha zote za namna hii, mashindano yake hayakwisha. Ni kisingizio cha kumuingiza mpelelezi kisiwani, na nusu ya pili ratiba inasahaulika kabisa, wanapigana wote na wote. Inabebwa na Bruce Lee mwenyewe, ambaye alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, akiwa na miaka 32, kabla haijaonyeshwa kwa watu. Kama picha ya Bruce Lee haina mwenzake. Kama picha ya mashindano, mimi naipa alama sita kwa kumi, na najua nitatukanwa.

Turudi kwa Chong Li. Fainali, anaona maji yamemfika shingoni, anachukua unga aliouficha anammwagia mwenziwe machoni. Pale kibandani watu walikuwa wakilia kwa hasira. Nakumbuka kiatu kiliwahi kurushwa, kikampiga mtoto wa mbele. Jiulize, kwa nini unga uwaume watu hivyo? Katika picha za bunduki watu wanalipuliwa na mabomu wakiwa usingizini na hakuna anayesema "amefanya hila." Ni kwa sababu hapa kuna sheria. Kuna refa, kuna mipaka ya ulingo, kuna neno la kusema ukishindwa, "mate," nalo limetajwa mapema ili tuje kulidai mwisho. Bila sheria huwezi kuonyesha dhuluma, unaonyesha fujo tu. Na stelingi hamuui. Anamkaba mpaka alitamke neno lile kwa mdomo wake mwenyewe. Nadhani hicho ndicho kinachowarudisha akina mumeo kila mwaka: kuna mtu mwenye nguvu kuliko wote, aliyevunja sheria mbele ya umati, na amelazimishwa kukiri mbele ya umati ule ule. Hebu nitajie mara ngapi tumeliona hilo likitokea nje ya televisheni.

Na usidhani haya ni mageni kwetu, yameletwa na kaseti. Umewahi kuhudhuria harusi iliyo na kirumbizi? Ngoma na zumari vinalia, watu wamefanya duara, wawili wanaingia na fimbo. Hawaanzi kupigana. Wanazungukana kwanza, kwa mwendo wa ngoma, fimbo juu, kila mmoja anamsoma mwenziwe, na zumari linazidi kuwatia wazimu wanaotazama. Kipigo chenyewe ni cha kufumba na kufumbua. Mgeni aliyeinama kuchukua soda yake amekikosa. Lakini mzee aliyesimama karibu nawe atakwambia tangu mwanzo nani atapata, kwa kutazama miguu tu. Yule mzee na mumeo wanaangalia kitu kimoja. Hata akina Muyaka bin Haji, yule mshairi wa Mombasa wa zamani, walipokuwa wakijibizana kwa mashairi na watu wa Lamu, raha ya msikilizaji ilikuwa katika kungoja: limeshatoka la huyu, sasa tuone yule atajibu nini, kwa vina vile vile.

Labda utaniuliza, kama ni hivyo kwa nini wasiangalie mapigano ya kweli, yasiyojulikana mwisho? Wanaangalia. Lakini mapigano ya kweli yana tabia mbaya ya kutofuata hadithi. Novemba 1993, Denver, Marekani, watu waliamua kuyafanya yale ya kwenye picha yawe kweli: wapiganaji wanane, mtoano, usiku mmoja, kila mtu na mchezo wake, ngumi, karate, sumo, bila madaraja ya uzani. Ndio uliokuwa mwanzo wa UFC, yale mashindano ya mapigano ya kuchanganya michezo yote. Aliyeshinda ni Royce Gracie, Mbrazili mwembamba ambaye mtaani usingempisha njia. Alipigana mara tatu na zote kwa jumla zilichukua takriban dakika tano. Alifanya nini? Aliwakumbatia watu, akawaangusha, akawakaba. Kwa lugha yetu, aliwapiga ngeta. Kwa anayejua mchezo ule ni maajabu. Kwa kibanda cha Majengo ingekuwa ni watu wawili wamelala sakafuni na wateja wanataka pesa zao.

Mfano mwingine unaniuma zaidi, kwa kuwa ni wa mchezo wangu. Agosti 2021, Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, fainali ya karate ya wanaume wazito. Tareg Hamedi wa Saudi Arabia anaongoza 4 kwa 1 dhidi ya Sajad Ganjzadeh wa Iran. Hamedi anarusha teke la juu, safi, la kupiga picha ya ukutani. Linampata mwenziwe shingoni, Ganjzadeh anaanguka, hajitambui, anabebwa kwa machela. Kwenye picha yoyote ya Van Damme hapo muziki unapanda, na teke lenyewe tungeonyeshwa mara tatu, taratibu, kutoka pembe tatu. Tokyo waamuzi walikaa wakazungumza, kisha Hamedi akaondolewa kwa kupiga kupita kiasi, na dhahabu akapewa aliyekuwa amezirai. Kwa sheria zile, ambazo nimezifundisha kwa miaka mingi, hayo ni maamuzi yanayoeleweka. Karate ile unatakiwa uzuie nguvu. Lakini mimi mwenyewe, mbele ya televisheni, nilijikuta nimesimama napiga kelele kama yule wa bandarini.

Kwetu tuna Robert Wangila. Seoul 1988, mwaka ule ule wa Bloodsport, aliingia mtoano wa ngumi wa Olimpiki, akavuka raundi moja baada ya nyingine, na katika fainali akamwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili. Dhahabu ya Kenya. Hiyo ni hadithi kamili ya mashindano, na ni ya kweli. Miaka sita baadaye Wangila alifariki baada ya pigano huko Las Vegas. Picha hukatika pale bingwa anapoinua mkono, na sasa unaelewa kwa nini watu wanapenda ikatike pale.

Kuhusu ukweli wa Bloodsport yenyewe, mwambie mumeo polepole, tena si siku ya Idi. Picha inadai kueleza maisha ya Frank Dux, Mmarekani aliyesema alishinda mashindano hayo ya siri. Gazeti la Los Angeles Times lilichimba mwaka ule ule wa 1988 na likatoka na mashaka makubwa. Dux amesimama na maneno yake. Mimi baada ya miaka yote hii nadhani haijalishi sana, ingawa nilipojua mara ya kwanza nilinuna siku mbili.

Kinachojalisha, na hapa sitaitetea picha, ni namna inavyogawa watu. Katika picha hizi mtu mmoja hubeba nchi nzima, na nchi hupewa mchezo kama mtu anavyopewa sare. Mthailand ni magoti na viwiko. Mhindi, katika picha moja ya Jimmy Wang Yu ya 1976, anarefusha mikono kama mpira. Na mweusi? Ndani ya hiyo hiyo Bloodsport, tazama anavyopigana yule mweusi: amechutama, anarukaruka, kama nyani. Tulikuwa vijana weusi watupu kibandani, na tulicheka. Nikikikumbuka kile kicheko mwili unanisisimka vibaya. Kama wanao huangalia pamoja na baba yao, pale ndipo pa kusimamisha picha na kuzungumza. Mapigano hayatawaharibu. Nimefundisha watoto wengi walioletwa dojo na picha hizi, na wengi waliacha mwezi wa pili walipogundua kwamba kupiga msamba kama Van Damme kunachukua miaka na machozi. Waliobaki walikuwa wapole kuliko waliokuja.

Mwisho wake anaujua, umesema. Ndiyo, na stelingi hafi, hilo lilijulikana hata na mtoto wa shilingi mbili. Lakini na wewe ukipika pilau unajua itaishia kuwa pilau, na bado unafunua sufuria kunusa.

Sasa nikupe kazi. Idi ijayo waache waanze, kisha ingia na kahawa wakiwa kwenye nusu fainali, pale Chong Li yuko ulingoni na mwenziwe anamtazama. Usiangalie televisheni. Angalia miguu ya mumeo. Kama ni mtu wa enzi zetu, kisigino kimeshainuka sakafuni, na kikombe utakachompa atakipokea bila kukuona. Kaa hapo hapo karibu yake. Halafu, kabla ya fainali, muulize swali moja tu: "Huyu ana udhaifu gani?" Uwe na nafasi, kwa sababu atakujibu mpaka magharibi.